Fafanua

Kwenye fomu ya Julai, kisanduku cha nane,
panapoulizwa kwa nini shabu imepanda
kutoka magunia kumi na moja hadi kumi na tisa,
niliandika neno moja: Upepo.
Fomu ikarudi kutoka makao makuu
na wino mwekundu: Fafanua.

Haya, Bwana Tumuhairwe, nafafanua.

Mimi ni Nangobi, mpima maji wa zamu ya usiku, Gaba.
Mwaka wa kumi na nne huu nalinusa ziwa
kabla halijafika bombani kwako.
Upepo huu nauita kusi. Neno si la hapa.
Lilipanda kutoka pwani na koplo mmoja hadi kambi ya Jinja;
akamwoa mama, akatuachia Kiswahili
na redio isiyo na betri.

Kusi haiji na tarumbeta.
Kwanza bati la banda la pampu linanung'unika, saa saba usiku.
Okecho anafunga zipu ya koti mpaka kidevuni.
Kisha gugumaji linabisha kwenye wavu wa machujio,
linabisha kama mgeni aliyekuja na kitanda chake.
Tunalitoa kwa reki, toroli baada ya toroli,
na ndani yake: ndala ya kushoto, kopo la mafuta,
kiti cha plastiki chenye jina la baa ya Bukoba.

Mwanangu Naigaga aliniuliza maji yanajuaje njia.
Nikamwekea uji. Nikamwambia, puliza.
Akapuliza. Utando ukakunjamana,
ukaenda kulala ukingo wa mbali,
na pale karibu na mdomo wake
uji wa chini ukapanda, unafuka.
Ndivyo hivyo, ila geuza: cha chini ziwani ni baridi.
Mdomo uko Mwanza. Ukingo wa mbali ni sisi.
Wao wanafunuliwa, sisi tunarundikiwa.

Lakini bakuli halikubali kuelemea upande mmoja siku zote.
Juu maji yanakuja, chini yanarudi,
gizani, yakipitana
kama zamu mbili zisizosalimiana langoni.
Tangu Oktoba ziwa lilikuwa limelala tabaka tabaka,
vuguvugu juu, baridi chini, na huko chini
hakuna pumzi hata ya kuzimia mshumaa.
Juni usiku unapoa, kusi haikomi,
matabaka yanasahau mipaka.
Tope lililozikwa na likasahauliwa
linaamshwa, linaulizwa habari za miaka yote.

Usiku wa tarehe kumi na tisa nilipanga bilauri sita.
Nikatia shabu: kidogo, zaidi, zaidi tena.
Makasia ya mashine yakakoroga.
Ya nne ilikuwa bado chai ya maziwa.
Ya tano ikaanza kuona.
Kupitia ya sita niliona vidole vyangu upande wa pili,
na ukucha uliovunjika wa kidole cha kati.
Hayo ndiyo magunia manane unayoyaulizia.

Sikuiba. Nasema hivyo kwa kuwa swali lako lina harufu,
na harufu ndiyo kazi yangu.

Mwezi wa tisa kusi itaachia.
Maji yatarudi kusini, yatapita kiasi, yatarudi tena,
kama ya beseni kichwani mwa mtu aliyesimama ghafla.
Nitakuletea fomu ya magunia kumi
na hutauliza. Maji yakiwa mazuri
hakuna anayetaka ufafanuzi.

Kisanduku cha nane kina mstari mmoja tu, Bwana.
Nimeandika pembeni, nimegeuza nyuma,
nimefika kwenye picha ya nembo ya shirika,
lile tone la bluu linalotabasamu.
Ningeendelea.
Lakini bati limeanza tena
na Okecho ananiita kutoka kwenye wavu,
anasema nije na taa,
kuna kisiwa kizima.